Keria ya Mtu Asiyekuwepo

Wazee wa usharika wetu wameniuliza zaidi ya mara moja nilikuwa wapi zile siku nilizopotea, na kila nilipowajibu waliangaliana. Sasa nimeamua kuandika, anayetaka kuangaliana aangaliane na karatasi. Mimi ni Ambilikile Mwang'onda, bwana shamba mstaafu wa Rungwe. Sinywi pombe, na katika maisha yangu yote sikuwahi kutunga hata kisingizio cha kukosa mkutano. Kama kuna jambo humu ambalo msomaji hatalielewa, asijilaumu. Mimi niliyekuwepo sikulielewa pia.

Usharika rafiki wa Ujerumani ulikuwa umenialika nikaone mashamba yao ya matufaha. Wenyeji wangu, watu wakarimu sana, walinipa baiskeli nizungukie vilima vyao. Ilikuwa baiskeli nzuri yenye gia nyingi, lakini haikuwa na keria. Mtu mzima kupanda baiskeli isiyo na keria ni kama kuvaa suruali isiyo na mifuko, kwa hiyo nilimwomba fundi wa pale anichomelee moja ya chuma, pana, kama zile tunazobebea mikungu ya ndizi. Fundi aliniuliza nitabeba nini. Nikamwambia sijui bado. Asubuhi moja nikafuata kibao cha kijani kilichoandikwa "Njia Tulivu," nikapanda kilima, nikateremka upande wa pili, na nilipofika chini sikuwa tena Ujerumani. Nchi niliyoingia inaitwa Ukimyani. Watu wake walisema lugha niliyoielewa, na hilo ndilo jambo la kwanza lililonitatiza.

Nianze na sifa, maana mgeni mwenye adabu huanza na sifa. Sijaona nchi nzuri kama ile. Barabara zake ni nyembamba na laini, hazina gari hata moja, zinapinda kwenye misitu na mashamba ya shayiri kana kwamba hazina haraka ya kufika. Kila kilele kina ngome ya mawe, au mabaki ya ngome, au kibao kinachoeleza ngome ilikuwa wapi. Vijijini nyumba zina kuta nyeupe zilizoshikwa na boriti nyeusi, na kila dirisha lina maua mekundu. Ng'ombe wamenona. Kila ng'ombe ana kengele shingoni, na kila kengele imeshindiliwa sufu isilie.

Waendesha baiskeli walinipita makundi kwa makundi, vichwa chini, bila neno. Mimi natoka mahali ambapo mtu hakupiti njiani mpaka amejua umeamkaje, mkeo ameamkaje, na yule ndama aliyekuwa anaharisha ameamkaje. Kundi la tatu liliponipita nikashindwa kuvumilia.

"Hamjambo jamani," nilisema.

Hakuna aliyejibu, ila mtu mmoja alitoka nyuma ya mti. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa koti la kijivu na viatu vyenye soli za sufu. Kidole chake cha shahada kilikuwa mdomoni, na kilikuwa kimepinda kidogo kwa kukaa hapo miaka mingi. Huyo alikuwa Detlef, Mlinzi wa Njia.

"Umetoa sauti," alininong'oneza.

"Nimesalimia."

"Ndiyo. Kwa sauti."

"Sasa ningesalimiaje?"

Alifikiri kwa makini, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, si mkali. "Huku kwetu mtu anaiwaza salamu," alisema, "na mwenzake anachukulia kwamba imewazwa."

Kisha akaiona keria. Aliizunguka mara kadhaa, akainama, akaigusa kwa kidole kilekile. Akaniuliza ni kitu gani. Nikamwambia ni keria, ni ya kubebea.

"Kubeba nini?"

"Chochote. Maziwa, mbolea, mke wa mtu akizidiwa."

Uso wake ukaingia wasiwasi. Sheria ya Ukimyani, alinieleza, inasema baiskeli katika Njia Tulivu imbebe mwenyewe peke yake, kwa sababu mzigo hulia kwenye matuta. Lakini keria yangu haikuwa na mzigo. Ilikuwa na nafasi ya mzigo, na sheria haikusema lolote kuhusu nafasi. Jambo hilo lilimzidi kimo. Alichomoa sufu mfukoni, akashindilia kengele yangu, akanipeleka kwenye Baraza la Utulivu.

Nimekaa kwenye vikao vingi. Nimekaa kwenye vikao vya pembejeo ambavyo watu walirushiana viti. Lakini kikao kama kile sijawahi kukiona. Wajumbe walikaa kuzunguka meza iliyofunikwa blanketi zito. Mwenyekiti alikuwa Bwana Ottokar, mzee mnene mwenye masharubu yaliyochanwa. Kuliani kwake alikaa Bi Hiltrud, mama wa miwani minene, na kushotoni Bwana Wendelin, ambaye alikuwa mwanahistoria wa kijiji na ndiye aliyesoma maamuzi. Wengine walikuwa wengine tu. Mjadala wote uliendeshwa kwa kunong'ona, na kwa vile mnong'ono haumsumbui mtu, walinong'ona wote kwa pamoja. Midomo ilicheza, nyusi zilipanda na kushuka. Mimi sikusikia kitu, nikadhani ni kwa sababu nimekaa mbali. Baada ya muda mkono mmoja ulinyooka. Wa pili, ulipouona, ukanyooka. Mikono yote ikanyooka, na jambo likawa limepita.

Bwana Wendelin alisimama, akanisogezea mdomo sikioni. Baraza limeamua, alisema, kwamba chuma hiki ni kiti cha mtu asiyekuwepo, na kwa heshima ya mtu huyo kifunikwe kitambaa cheusi.

"Mtu gani huyo?" nilimuuliza.

"Hilo halimo katika uamuzi."

Tulipotoka nje Detlef alikuwa amejaa fahari. Alinieleza kwamba tangu Baraza lianzishwe hakuna sheria iliyowahi kupingwa hata na mjumbe mmoja. Nilimwambia kwetu hata kuamua siku ya kuchimba mtaro kunaleta ugomvi. Akanitazama kwa huruma, akanikaribisha kwake nilale.

Nyumba yake ilikuwa mwisho wa mtaa, yenye bustani ya matufaha nyuma yake. Mkewe, Irmela, alitupokea kwa tabasamu na sahani ya mkate mweusi wenye ganda gumu. Nilipotaka kuutafuna, Detlef alinishika mkono taratibu. Mkate kwanza huloweshwa kwenye maziwa mpaka uache kulia, ndipo huliwa. Tukala uji wa mkate. Irmela alikuwa mjamzito, na nilipompongeza wote wawili walitazama dirishani kuona kama kuna aliyesikia.

Hapo ndipo nilipogundua kitu kilichokuwa kinanisumbua tangu nimeingia kijijini. Hakukuwa na mtoto hata mmoja. Nikauliza watoto wako wapi, maana mtu wa kwetu huuliza.

Detlef alinieleza kama anayesoma. Mwanamke akifikisha mwezi wa saba anahamia mji wa Vishindoni, ng'ambo ya vilima, ambako watu hupiga kelele watakavyo. Anajifungulia huko na kukaa huko. Mtoto akishajua kunyamaza, wanarudi wote.

"Anajua kunyamaza baada ya muda gani?"

"Bado hajarudi yeyote," alisema Detlef. "Lakini sheria iko wazi."

Nyumba za walioondoka hazikuachwa zioze. Bwana Wendelin alizibandika vibao zikawa nyumba za kihistoria, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuishi ndani ya historia. Jioni ile nilipita mtaani nikitazama. Maua madirishani yalimwagiliwa, milango ilipakwa rangi, na karibu kila mlango ulikuwa na kibao. Nilidhani nimekaribishwa kijijini, kumbe nilikuwa kwenye kabati la vyombo ambavyo havipakuliwi chakula.

Nimefanya kazi na ng'ombe miaka mingi, na tumbo la mwezi wa mwisho nalijua nikiliona. Detlef aliniambia mkewe yuko mwezi wa sita. Niliposikia hivyo nilimtazama Irmela, naye akaona kwamba nimeona. Alingoja mumewe atoke kuzungukia njia, akanijia jikoni.

"Mzee, usimwambie," alinong'ona.

"Kwa nini umemficha? Si mumeo?"

"Ni mume wangu na ni Mlinzi wa Njia. Nikimwambia itabidi achague." Alishika ukingo wa meza. "Nyumba hii aliijenga bibi yangu mzaa mama. Nikitoka na tumbo hili kwenda Vishindoni, kibao kitabandikwa kabla sijafika kilimani. Sitarudi. Hakuna aliyerudi."

"Sasa unataka kujifungulia wapi?"

"Hapa. Nitafunga mdomo."

"Na mtoto, binti yangu? Naye utamfunga mdomo?"

Machozi yalimshuka bila sauti, maana hata kulia walikuwa wamejifunza kulia hivyo. Niseme wazi kwamba nilimhurumia hadi nikakosa usingizi, na niliwakasirikia watu ambao hawakuwa wamenifanyia lolote ila wema.

Kesho yake Bwana Wendelin alinichukua kunionyesha fahari ya nchi, yaani Njia ya Askofu, barabara iendayo Vishindoni. Tulisimama kwenye njia panda nyuma ya bustani ya Irmela. Palikuwa na vibao viwili, kimoja kikielekeza Vishindoni kushoto, kingine kulia. Nikauliza kipi ni cha kweli. Alisema wataalamu wawili walitofautiana zamani, na kwa heshima yao wote vibao vyote ni vya kweli. Barabara yenyewe ilipanda kilima cha kwanza, ikashuka, ikapanda cha pili, ikazunguka ngome isiyokuwepo, ikapanda cha tatu. Nikauliza kwa nini. Akanieleza, macho yakimng'aa, kwamba karne nyingi zilizopita askofu mmoja alikimbia askari kupitia hapa, akapotea mara tatu. Tangu siku hiyo kila aendaye Vishindoni hupotea kama yeye alivyopotea, katika sehemu zilezile.

Katikati, baina ya vile vibao viwili, niliona kijia cha majani kilichoshuka bondeni kimenyooka kama uzi, kikifuata kijito, na mwisho wake nikaona mapaa mekundu ya mji.

"Na kile?"

"Kile nini?"

"Kijia kile. Si kinafika Vishindoni?"

Bwana Wendelin alikitazama kama mtu anayeonyeshwa kiti kwenye chumba kitupu. "Pale hapajawahi kutokea jambo lolote," alisema. "Mahali ambapo hapajatokea jambo si njia."

Nilitaka kubishana, lakini kubishana kwa mnong'ono kunachosha haraka. Nikanyamaza, na nikagundua kwa hofu kidogo kwamba nimeanza kuzoea.

Asubuhi iliyofuata Detlef alikwisha kutoka nilipoteremka ngazi. Irmela alikuwa amepiga magoti jikoni, taulo limejaa mdomoni, jasho linamtiririka. Chupa ya uzazi ilikuwa imeshapasuka. Nilipoinama kumsaidia aliutoa mkono wake kwenye meza na kuushika wangu, na nilihisi mifupa yangu ikigongana. Nikajua kwamba hili si jambo la kufunga mdomo.

"Unahitaji mkunga," nilimwambia.

Alitikisa kichwa kukataa.

"Mimi nimezalisha ng'ombe. Mtu sijawahi. Mtoto akikwama sitajua la kufanya, na nyumba ya bibi yako haitakusaidia kitu."

Uchungu ukaja tena, mrefu. Ulipompita alitoa taulo mdomoni. "Nipeleke," alisema.

Gari halikuwepo, na hata kama lingekuwepo sheria ingelisimamisha. Nilitoka nje nikaivuta baiskeli, nikakitupa kile kitambaa cheusi kwenye nyasi, nikakunja blanketi juu ya keria. Nikamkalisha upande, kama tunavyowakalisha kwetu, mikono kiunoni kwangu. Tukapita bustanini hadi kwenye vile vibao viwili. Nilisimama.

"Njia ya Askofu," alisema Irmela akitweta. "Ndiyo njia."

"Ile ina vilima vitatu."

"Ndiyo njia, Mzee. Nyingine hakuna."

Basi nikageuza usukani kuelekea kilimani, kwa sababu mwanamke akiwa katika hali ile habishiwi. Nilikuwa nimeshaanza kukanyaga pedali alipobanwa tena, akanikamata koti, na uchungu ulipoachia akaelekeza kidole katikati, mahali ambapo macho yao wote hayakuwa yakiona kitu.

"Pita bondeni," alisema.

Kijia kilikuwa na matuta. Kwenye tuta la kwanza Irmela aliguna, na kwenye tuta la pili akapiga ukelele. Sikuwahi kusikia sauti kama ile. Si kwamba ilizidi sauti za kina mama wengine, ila katika nchi ile hakukuwa na sauti nyingine ya kuizuia. Ilikwenda hadi kwenye vilima ikarudi. Ng'ombe waliinua vichwa. Juu kabisa, kwenye Njia ya Askofu, kundi la waendesha baiskeli lilifunga breki kwa pamoja, na mmoja wao akaanguka.

"Piga kelele," nilimwambia. "Hapa si njia, hakuna sheria."

Alipiga. Alipiga kelele za miaka yake yote. Chini ya mtufaha mmoja uliokuwa kando ya kijito akasema nisimame, na nilipomshusha nikaona kwamba hatutafika. Nilivua koti nikalitandaza, nikamwomba Mungu anisamehe kwa nitakalokosea, na nikaanza kumsemesha maneno niwasemeshayo ng'ombe, maana mengine sikuwa nayo.

Ndipo nikasikia mtu akifoka kutoka upande wa mji. "Usimvute mtoto. Mgeuze mama kwa ubavu. Nakuja." Mwanamke mfupi, mikono ya gauni imekunjwa, alikuwa anakimbia kando ya kijito na mfuko begani. Alikuwa Bi Roswitha, mkunga wa Vishindoni, aliyeusikia ukelele akiwa anaanika nguo. Alinisukuma pembeni bila salamu. Mtoto alikuwa amezungukwa na kitovu shingoni, na Bi Roswitha alikitoa kwa vidole viwili huku akizungumza kwa sauti kubwa habari za bei ya vitunguu, ili mama asiogope. Mimi nilitazama kijito. Kisha mtoto alilia. Alikuwa wa kike. Niliketi kwenye majani nikalia pamoja naye.

Detlef alifika akikimbia, soli zake za sufu zimejaa matope. Nyuma yake, kutoka kijijini, lilikuja Baraza zima.

Kikao kilifanyika ukumbini siku ileile, kwa sababu sauti ya mtoto ilikuwa imesikika hadi kwenye ngome zote, zilizopo na zisizokuwepo. Bi Roswitha alikataa kuondoka mpaka aone mama amelala kitandani, na Irmela alikataa kulala mpaka ajue kitanda ni cha wapi. Basi akaja na mwanawe, akakalishwa kwenye kiti. Detlef alisimama mlangoni kama kazi yake ilivyomtaka. Uso wake ulikuwa umepauka, na hakumtazama mtu.

Bwana Wendelin alitusomea hoja kwa kunong'ona, mmoja mmoja sikioni. Ikiwa mtoto amezaliwa kijijini, amevunja utulivu, na yeye na mama yake waende Vishindoni hadi ajue kunyamaza, na nyumba ibandikwe kibao. Ikiwa amezaliwa Vishindoni, basi ni wa huko, na nyumba ibandikwe kibao. Lakini amezaliwa mahali ambapo si mahali. Yawezekana, kisheria, hajazaliwa.

"Basi huyu ni nani?" aliuliza Bi Roswitha kwa sauti yake ya kawaida, na wajumbe wakajikunyata.

Mjadala ukaanza. Midomo ikacheza, nyusi zikapanda. Nilikuwa natazama mikono, nikingoja wa kwanza unyooke, kwa sababu nilijua ukinyooka tu, imekwisha. Irmela naye aliitazama mikono ile. Ndipo mtoto akalia.

Alilia kwa njaa, bila kujali hoja. Wajumbe waliendelea kunong'ona, lakini sasa kila mmoja aliona kwamba hajisikii hata yeye mwenyewe. Bwana Ottokar aliinua sauti kidogo. Bi Hiltrud, ili asikike juu ya Bwana Ottokar, aliinua yake. Mtoto akaongeza. Muda si muda Baraza la Utulivu lilikuwa linapiga kelele kama soko la ndizi la Tukuyu, na katikati ya kelele hizo Bi Hiltrud alisikika akisema kwamba sheria ya kuwahamisha wajawazito ni ya kikatili na kwamba ameipinga tangu mwanzo.

Bwana Ottokar aliacha kusema. "Umesema nini?"

"Nimesema naipinga. Binti yangu yuko Vishindoni. Nina wajukuu sijawashika. Kila kikao nasema naipinga."

"Mbona uliunyoosha mkono?"

"Nilikuona wewe umenyoosha."

Bwana Ottokar alitoa leso akajifuta masharubu. Alikuwa mzee, na ghafla alionekana mzee zaidi. "Mimi nilinyoosha kuomba dirisha lifunguliwe," alisema. "Kulikuwa na joto."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka kucheka, lakini nilimwona Bi Hiltrud anavua miwani yake, nikaona aibu. Kisha Bwana Wendelin akasema kwa ukali kwamba yeye anaiunga mkono sheria kwa moyo wote, kwamba bila utulivu hakuna historia. Mjumbe mwingine akamjibu kwamba bila watoto historia itasomwa na nani. Mwingine akauliza hoja ya keria ilipitishwa vipi na yeye hajawahi kuielewa. Wakasimama. Wakanyoosheana vidole. Niligundua kwamba miaka yote hiyo walikuwa wamekaa na ugomvi ndani yao, na sasa wote ulikuwa unatoka siku moja.

Waligombana hadi kikao kikakosa mwenyekiti, kwa sababu Bwana Ottokar alikuwa ameacha kiti chake kwenda kumwuliza Bi Roswitha kama anawafahamu watu fulani mjini kwake. Uamuzi haukupatikana. Irmela aliinuka taratibu, mtoto kifuani.

"Kama hamjaamua," alisema kwa sauti ya mtu wa kawaida, "mimi naenda nyumbani."

Mlangoni alisimama Detlef. Mtoto alikuwa bado analia. Detlef aliinua kidole chake kilichopinda, kama alivyokiinua maelfu ya mara, akakipeleka mdomoni. Chumba kizima kiligeuka kumtazama, na nilimwogopea Irmela. Kidole kilikaa mdomoni pale. Kisha, sijui ni kwa kufikiri au kwa kuchoka, akakishusha kwa mtoto, na mtoto akakishika kwa mkono wake wote na kuendelea kulia.

"Sijui namna ya kumbembeleza," Detlef aliniambia. Alisema kwa sauti, na ilikuwa sauti nzito, nzuri, kama ya mtu wa kwaya ya besi. "Mimi najua kunyamazisha tu."

"Utajifunza," nilimwambia. "Wote tulijifunza."

Akampisha mkewe, akamfuata nyuma, amejikunja mgongo kwa sababu mtoto hakukiachia kidole.

Nililala pale usiku mmoja zaidi, ingawa hakuna aliyelala. Asubuhi nilipoivuta baiskeli kupitia bustanini nilikuta kibao kipya kwenye kile kijia cha bondeni. Kumbe Bwana Wendelin alikuwa ameamka mapema. Kilisema kwamba hapa palitokea jambo la kihistoria, yaani kuzaliwa kwa mtoto, na kwamba kwa heshima ya jambo hilo wajawazito wasipite, na wapitao wengine wanyamaze. Nilikisoma mara mbili. Kijia kilikuwa kimekuwa njia, na njia ilikuwa imeshakuwa na sheria. Nilihisi uchovu ambao sikuwa nao hata kwenye vilima.

Lakini juu ya kibao, zikidondosha maji kwenye maandishi, zilikuwa zimetundikwa nepi.

Irmela alitokea akiwa na beseni kiunoni. Alitembea polepole, kama mtu aliyejifungua jana, na Bi Roswitha alikuwa anamfokea kutoka dirishani arudi kitandani. Alitundika nepi nyingine. Kutoka ndani ya nyumba tulimsikia mtoto, na juu ya mtoto tulisikia sauti nzito ya kiume ikijaribu wimbo usio na maneno wala jina.

"Irmela," nilisema, "nepi zako umezitundika kwenye sheria."

Alirudi nyuma hatua moja, akakitazama kibao kana kwamba ndiyo kwanza anakiona.

"Hapa ndipo penye jua," alisema.

Nikamwuliza njia ya kurudi Ujerumani. Alisema hajui, lakini nifuate kijito, na nikianza kusikia watu wanaongea niulize wao. Nilichomoa sufu kwenye kengele yangu, nikaitupa, nikapanda. Keria nyuma yangu ilikuwa tupu, na kwenye kila tuta ililia.